Una Nini Nyumbani?

MASWALI YA WASOMAJI

Kati ya barua zilizonifikia mwezi huu nimechagua nne. Waandishi wake hawajuani, na wanaishi pembe mbalimbali za Uganda, lakini wote wanazunguka jambo moja: Mkristo ambaye mfuko wake ni mwepesi atawatumikiaje wenzake kwa akili na mikono aliyopewa? Nimezifupisha na kuondoa majina. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

*Bwana Yesu asifiwe, Mama. Nilitoka Ituri, Kongo, na watoto wangu wanne, na sasa tunaishi katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II. Katika kanisa letu tuko akina mama kumi na mmoja wa kikundi kimoja. Miaka miwili iliyopita tuliandika maombi kwa wafadhili ili tuwasaidie vikongwe wasio na watu wao, pamoja na wasichana wanaokosa shule siku za hedhi. Hadi leo hatujajibiwa, na mgao wa chakula umepungua, tena sisi wenyewe ndio tunaosaidiwa. Mimi nina cherehani ya miguu, na kila wiki hubaki na vipande vya vitenge ambavyo havitoshi hata blauzi ya mtoto mchanga. Nilisema kikaoni kwamba tuanze na hivyo. Mzee mmoja wa kanisa akanijibu kwamba kutoa ni moyo, sawa, lakini moyo hauliwi, kwa hiyo tungoje fedha. Je, anayepokea msaada anaweza kutoa msaada, au najidanganya? – Msomaji, Kyaka II*

Mama mpendwa, hujidanganyi. Hata hivyo nisingependa umdharau mzee wako, kwa maana nusu ya maneno yake ni kweli: moyo hauliwi, na bibi kizee mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa kwamba anapendwa. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kati ya moyo na chakula hakuna kitu kingine ila fedha. Kati ya hivyo viwili kuna akili, na hiyo haikuandikwa katika orodha ya vitu vinavyoletwa na wafadhili.

Unamkumbuka mjane wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, ambaye mumewe alikufa akamwachia deni, na mdai akawa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Alipomlilia Elisha, nabii huyo aliuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya habari hii hulirukia swali la pili na kuliacha la kwanza njiani, ilhali Elisha alianza na lile la kwanza. Tena tazama jinsi mwanamke alivyojibu. Alisema kwanza kwamba hana kitu, kisha, kama mtu aliyekumbuka akiwa amekwisha kugeuka aende zake, akaongeza: ila chupa ya mafuta. Wewe vilevile uliandika kwamba nyinyi ndio mnaosaidiwa, na sentensi iliyofuata ikataja cherehani.

Kuna jambo jingine katika habari ile ambalo huwa linapita bila kuonwa. Mjane aliagizwa aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Majirani hao hawakuombwa mafuta, na labda nao hawakuwa nayo. Waliombwa kile walichokuwa nacho tele, yaani mitungi isiyo na kitu ndani. Hapo kwenu Kyaka II naamini mitungi mitupu haikosi. Kwa hiyo usihesabu cherehani yako peke yake. Hesabu pia fulana kuukuu zilizo chini ya vitanda vya akina mama wale kumi, miavuli iliyovunjika mbavu, sindano, na saa mbili za mchana ambazo kila mmoja anaweza kuzitenga mara moja kwa wiki.

Kanisa la nchi hii lina mazoea ya zamani ya kuanza na kilichopo. Mwaka 1903 walifika Kampala masista Wafransisko, na mmoja wao alikuwa Mwairishi ambaye watu walikuja kumwita Mama Kevina. Pale Nsambya wagonjwa walihudumiwa chini ya mwembe kabla ya kuwapo jengo la kuwapokea. Kivuli cha mti ndicho kilichokuwapo, nacho kikatumika. Mwaka 1923 Mama Kevina alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao makao yao yako Nkokonjeru. Mimi si Mkatoliki, lakini kila nikipita Nsambya na kuona hospitali kubwa iliyosimama pale leo, huukumbuka ule mwembe.

Wa karibu zaidi na kazi yako ni Sista Rosemary Nyirumbe wa Gulu. Alipopewa kuongoza kituo cha ushonaji cha Mtakatifu Monika, vita vya kaskazini vilikuwa bado vinaendelea, na wasichana waliotoroka kutoka msituni, walikokuwa wametekwa na waasi, walikuwa wanarudi na watoto mgongoni, wakikataliwa na shule na pengine na jamaa zao wenyewe. Aliwaita kwa njia ya redio waje, na waje na watoto wao. Cherehani zilikuwapo na wasichana wakawapo. Baadaye wakaanza kushona mikoba kwa vile vipete vya bati vya kufungulia makopo ya soda, ambavyo sisi huving'oa na kuvitupa kabla hata hatujameza funda la kwanza. Kipete kimoja hakina thamani yoyote, lakini vikikusanywa, vikaoshwa na kuunganishwa kwa uzi safu kwa safu, hufanyika mkoba unaong'aa kama magamba ya samaki, na mikoba hiyo imeuzwa hadi Marekani. Ninachotaka ukione hapo ni mpangilio: Sista hakuanza na makopo akatafuta watu wa kuyatumia. Alianza na wasichana ambao kila mtu aliwakimbia, kisha ndipo takataka zikapata kazi.

Nasisitiza hilo kwa sababu mimi mwenyewe nililikosa. Miaka mingi iliyopita, nikiwa Jinja, nilijivunia sana kuwashawishi wenye maduka watatu wanipe maharage yaliyobaki chini ya magunia. Nilikaa usiku nikiyachambua, nikatoa mawe na yaliyotobolewa na wadudu, nikapata kilo nane safi, nikampelekea mjane mmoja mzee wa mtaa wetu. Nilirudi kwake baada ya wiki tatu. Maharage yalikuwa pembeni mwa mlango katika mfuko uleule, hayajafunguliwa. Maharage makavu hutaka saa mbili au tatu motoni, na bibi yule hakuwa na makaa wala nguvu za kutafuta kuni. Alikuwa akiishi kwa chai na vipande vya muhogo alivyopewa na watoto wa jirani. Nilipomwuliza hatimaye alichokuwa anahitaji, alinionyesha karatasi ya kliniki ya macho ambayo hakuwa na mtu wa kumsomea. Tarehe yake ilikuwa imepita siku nne. Ubunifu wangu wote ulikuwa umeishia kwenye maharage, wala haukufika kwa mtu.

Basi kabla hujakata kipande chochote, kaa na wasichana watatu au wanne, pasipo mwalimu wala mchungaji wa kiume karibu, uwaulize kinachowazuia kwenda shule siku hizo. Yawezekana ni pedi. Yawezekana pia ni choo cha shule kisicho na komeo, au kukosa maji ya kunawa, na hayo hayashonwi kwa cherehani, ingawa komeo ni kipande cha bati na misumari miwili, na mtungi wa maji wenye kamba na kijiti cha kukanyagia kwa mguu ni kazi ya mchana mmoja kwa vijana wa kwaya.

Ikiwa jibu ni pedi, niruhusu nikupe ushauri wa fundi kwa fundi. Kitenge hakifai kukaa upande wa mwili, kwa sababu nta na rangi zake hukifanya kisinyonye maji vizuri. Kiweke nje, mahali ambapo maua yake yatapendeza na doa halitaonekana. Upande wa mwili tumia flaneli au fulana ya pamba iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa. Katikati weka matabaka manne au matano ya taulo kuukuu, na chini yake kipande cha mwavuli mbovu, kwa maana nailoni ile huzuia maji yasipenye. Fua vitambaa vyote kabla ya kushona ili visije vikasinyaa baadaye. Wafundishe wasichana kuloweka katika maji baridi kwanza, kisha sabuni, kisha kuanika juani. Hapa kwenye jua ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia: msichana huona haya, huficha pedi yake chini ya godoro ingali mbichi, na baada ya siku mbili inanuka na kumletea muwasho. Mwambie aianike juani na kuifunika kwa kitambaa chepesi, kama leso au kipande cha chandarua. Shona nne tu kwanza, wape wasichana wawili, usubiri mwezi mmoja usikie wanasema nini.

Nawe usifikiri kwamba jambo hili ni geni huko kwenu. Mhandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Dkt. Moses Musaazi, alibuni pedi zilizotengenezwa kwa mafunjo, haya majani marefu ya kinamasi ambayo wengi wetu huyaona kuwa ya kusukia mikeka tu, na wakimbizi wa hapo hapo Kyaka II walikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Waulize wakazi wa siku nyingi. Pengine utampata mama aliyewahi kuyaponda mafunjo hayo kwa mikono yake, na huyo atakuwa na mengi ya kukufundisha kuliko mimi.

Kuhusu vikongwe, kikundi cha watu kumi na mmoja kina mabega ishirini na mawili. Siku ya kugawa chakula, bibi wa miaka sabini hukabiliwa na mambo matatu: foleni, jua, na mzigo wa kurudi nao nyumbani. Mkigawana vikongwe wawiliwawili, mkawabebea mizigo na kuwachemshia maharage yao kwenye moto mliokwisha kuuwasha kwa ajili ya watoto wenu, mtakuwa mmetoa kile ambacho mfadhili hawezi kukituma kwa benki. Maombi yenu kwa wafadhili msiyafute. Yakijibiwa, watawakuta kazini, na mtajua vizuri zaidi cha kuomba.

*Mheshimiwa, mimi ni kijana wa bodaboda hapa Jinja. Kanisani nasikia kila mtu atumie karama yake, lakini mimi siimbi wala sihubiri. Nilichonacho ni pikipiki, nayo bado sijamaliza kuilipia. Usiku majirani huniamsha niwapeleke wagonjwa, wengine hawana nauli. Napenda kusaidia, lakini naogopa mambo mawili: nitafilisika kwa mafuta, na siku moja mtu atafia mgongoni mwangu nilaumiwe mimi. Nifanye nini? – Msomaji, Jinja*

Mwanangu, tayari unafanya huduma. Unachokosa ni wenzako. Katika Injili ya Marko, sura ya pili, aliyepooza alibebwa na watu wanne, na walipozuiwa na umati walipanda juu wakatoboa dari. Daima nimefikiri kwamba mtu mmoja asingethubutu kubomoa dari la mwenyewe. Wanne huthubutu, tena wanne wanaweza kulirudishia kesho yake.

Wazee wa Kigezi na Ankole walilijua jambo hili kabla ya bodaboda. Katika milima ile isiyo na barabara, mgonjwa alilazwa katika machela iliyosukwa, inayoitwa engozi, na wanaume wa kijiji wakaibeba mabegani kwa kupokezana hadi hospitali, kupanda na kushuka, kwa saa nyingi. Ili asiachwe mtu, vijiji viliunda vyama vya engozi, ambavyo wanachama wake walijua zamu zao na michango yao. Sasa sikia kilichotokea Kisiizi. Hospitali ya Kanisa la Uganda iliyoko huko kusini-magharibi ilianza mwaka 1958 ndani ya majengo ya kiwanda cha kitani kilichokuwa kimefungwa, na umeme wake ikaja kuupata kutoka kwenye maporomoko ya maji yaliyo kando yake. Mwaka 1996, walipotaka kuanzisha bima ya afya kwa wanavijiji ambao hawakuwa na mshahara wa kukatwa, hawakuunda vikundi vipya. Walikwenda kwa vyama vya engozi. Watu waliokwisha kuzoea kubebana mabegani walielewa bila taabu nini maana ya kubebana kwa fedha kidogo kidogo kabla ugonjwa haujaja. Mimi naona hilo ni jambo la akili kupita ule umeme wa maporomoko, ingawa wageni wanaokwenda kule hupiga picha maporomoko.

Kwa hiyo usiwe machela ya mtu mmoja. Kwenye steji yenu hamkosi sita mnaoaminiana, na si lazima wote wawe wa kanisa lako. Kila mmoja aweke kando bei ya lita moja ya mafuta kwa wiki, mpange zamu za usiku, na mwenye zamu ndiye atakayeamshwa. Wewe utalala siku tano. Mkamweleze mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, ili wajue nani ana zamu, na ili ikitokea mtu akazidiwa njiani pawe na mashahidi kwamba mlikuwa mnasaidia. Msimbebe mgonjwa pasipo ndugu yake wa kumshika. Ombeni mafunzo ya huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu wa Uganda au kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Tena kuna wagonjwa ambao pikipiki si chombo chao. Mama anayevuja damu, au ambaye uchungu umekwisha kukaza, na mtu aliyeanguka ambaye huenda amevunjika uti wa mgongo, hao watafutieni gari, hata likiwa la kubebea matoke. Andikeni kabla namba za simu za wenye magari wawili au watatu wa mtaa waliokubali kuamshwa, mzibandike ukutani hapo stejini. Kumkatalia mtu pikipiki na papo hapo kumpatia gari si kumnyima msaada.

*Mimi ni mweka hazina wa kanisa upande wa Mbale. Marafiki wa kanisa letu walioko ng'ambo walituma fedha za bati. Wakati huohuo pampu ya kisima cha kijiji ikafa, watu wakaanza kuchota maji ya mtoni, basi kamati ikatumia fedha zile kutengeneza pampu. Watu wanakunywa maji safi, nami nafurahi. Lakini sasa marafiki wanataka picha ya paa, na wenzangu wamepiga picha paa la kanisa jingine. Wanasema huo ni ubunifu, na kwamba Yesu alituambia tuwe na busara kama nyoka. Dhamiri yangu haitulii. – Mweka hazina*

Ndugu mweka hazina, dhamiri yako inafanya kazi yake, usiipe dawa ya usingizi. Wenzako wamenukuu nusu ya aya. Nusu ya pili inasema tuwe wapole kama hua, na neno la Kiyunani lililotafsiriwa hapo kwa upole lina maana ya kitu kisichochanganywa, kama divai isiyotiwa maji. Sisi tunaonunua maziwa barabarani asubuhi tunaelewa vizuri maana yake.

Kutengeneza pampu halikuwa kosa kwa nia, na laiti mngeuliza kabla, nadhani mngekubaliwa kwa simu moja. Kutouliza ni kosa la kwanza, linaloweza kusemwa na kusamehewa. Picha ya paa la wengine ni jambo la namna nyingine kabisa, nayo haiwezi kuitwa ubunifu kwa kuwa haimtumikii mtu yeyote ila kamati yenyewe. Najua kuna atakayekutajia yule wakili wa Luka 16, yaani msimamizi wa mali, ambaye bwana wake alimsifu kwa busara. Mkumbushe kwamba katika mstari huohuo anaitwa dhalimu, na kwamba alipokuwa akizipunguza hati za madeni alikuwa tayari ameambiwa kazi yake imekwisha.

Waandikie marafiki barua moja fupi kabla ya mwisho wa wiki: fedha zilikuja siku fulani, pampu ilikufa siku fulani, tulitumia kiasi hiki bila kuwauliza, tunaomba radhi, na hii ni picha ya pampu ikitoa maji, na hizi ni risiti. Itiwe sahihi na mwenyekiti, katibu na wewe. Wenzako wakikataa kutia sahihi, mpelekee jambo hilo aliye juu ya kamati, wala usitume picha ile kwa simu yako. Huenda mkakosa bati. Mkikaa chini ya turubai miaka miwili mkiwa wakweli, mvua itawanyeshea kidogo, lakini siku rafiki mmoja wa ng'ambo atakapofunga safari kuja kuwatembelea hamtahangaika kumtafutia paa la kumwonyesha.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Arua. Kwa sababu najua kutengeneza redio, taa za sola, viti na kuandika barua za serikali, kila mtu wa kanisa huniita. Sikatai, kwa maana naona ni utumishi. Lakini mke wangu amesema wiki iliyopita kwamba taa pekee isiyowaka mtaani ni ya kwetu. Nicheke au nilie? – Mwalimu*

Mwalimu, ucheke kidogo, kisha utengeneze taa hiyo leo kabla jua halijazama.

Musa alikaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, mpaka Yethro, baba mkwe wake, alipomwambia waziwazi kwamba jambo analolifanya si jema, kwani atachoka yeye na watu pia. Katika Matendo ya Mitume, malalamiko ya wajane yalipozidi, kanisa lilichagua watu saba wenye sifa njema wakabidhiwe kazi ile. Na kuna Tabitha wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na mavazi aliyoyashona, na kila nikisoma hapo huwa najiuliza, labda kwa kuwa mimi pia ni fundi, kama kulikuwa na hata mmoja kati yao aliyewahi kuketi naye akashikishwa sindano. Petro alimfufua, kwa hiyo swali langu halikuhitaji jibu siku ile. Sisi wengine hatuna Petro wa kutumaini, na kifundo cha waya unachokijua wewe peke yako kitazikwa nawe.

Chagua vijana wawili, mmoja wa kanisani na mmoja asiyefika kanisani kabisa, uketi nao Jumamosi ukiwa na redio iliyokufa na kipande cha risasi ya kuchomelea. Waache waunguze vidole. Mwezi wa kwanza kazi itakwenda polepole kuliko ungeifanya mwenyewe, na watu watalalamika kwamba siku hizi mwalimu anawatupa kwa watoto. Waambie watoto hao ndio mafundi, na kwamba wewe unapatikana Jumanne na Ijumaa baada ya shule. Siku nyingine atakayebisha hodi na redio mkononi apokewe na mkeo, naye aamue kama redio hiyo inaweza kungoja.